Mama Amepumzika

Bi Mizani alivunjika kifundo cha mguu kwenye vigae vya sebule ya mwanawe, na hilo lilimuuma kuliko mfupa wenyewe. Miaka thelathini na moja alitembea nyumba kwa nyumba na mizani ya kupimia watoto wachanga begani, akapita kwenye matope, mitaro, mawe na mbwa wa kila aina, hakuwahi hata kuteguka. Akaja kuangushwa na sakafu iliyong'arishwa kwa ajili ya wageni ambao, kwa kadiri alivyojua, hawakuwahi kuja.

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wameshalisahau. Alikuwa mhudumu wa zahanati, wa daraja lile la chini kabisa linalotumwa nje wakati wenye elimu wamekaa ndani. Alifika mlangoni, akaining'iniza mizani kwenye boriti, akamvika mtoto kikaptula cha kitambaa chenye kamba, akamtundika, akasoma, akaweka nukta kwenye kadi. Kisha akaanza kazi ambayo hakutumwa. "Mweke chini mtoto," alimwambia mama. "Umembeba tangu asubuhi, miguu ataijulia wapi?" Akigeuka akamkuta babu ameegeshwa kwenye kona na shuka magotini, aliuliza kwa sauti ya nyumba nzima kusikia, "Na huyu mzee mmempanda hapa lini, mbona hajaota majani?" Watu walichukia. Lakini safari ya pili babu alikutwa uani, amesimama, ameshika ukuta na kutukana, na kwa Bi Mizani mzee anayetukana akiwa wima alikuwa mzima.

Alipostaafu alirudisha mizani, miguu akabaki nayo. Kila asubuhi aliteremka vipandio sitini na sita kutoka chumba chake cha ghorofa ya tatu, mahali alipopanga kwa miaka arobaini na sita, akaenda kuwaamsha aliowajua: mama mmoja aliyepooza upande, fundi cherehani mwenye sukari, mwalimu mstaafu ambaye asiposukumwa angekaa akisoma gazeti la juzi mpaka mfupa wa kiti uote mgongoni. Hakulipwa na mtu. Malipo yake yalikuwa kuwadharau, na alijilipa vizuri.

Aliyemdharau kuliko wote alikuwa mwanawe wa pekee. Huyo alikuwa mkuu wa kitengo katika ofisi ya maji, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kukaa. Aliondoka kitandani akakaa mezani, akaondoka mezani akakaa garini, akaondoka garini akakaa ofisini, na jioni akarudi nyumbani akajitupa kwenye kochi kwa sababu amechoka. Amechoka na nini? Bi Mizani aliwahi kuuliza hivyo mbele ya wageni. Mkewe alimnunulia saa ya mkononi inayohesabu hatua, na mama yake alimkuta kwa macho yake mawili amejilaza, anautikisa mkono hewani ili saa ihesabu. Binti yao wa miaka tisa alipelekwa shule kwa gari, na shule yenyewe ilikuwa karibu kiasi kwamba ukipiga chafya sebuleni, mlinzi wa getini anakujibu "afya".

Basi ndiko huko alikoanguka, na ndiko huko alikowekwa.

Mkazamwana wake alikuwa mtu mwema. Hilo halikatai mtu. Ila wema wake ulikuwa ule wa kumnyang'anya mwenzako kijiko. Maji yalifika kabla ya kiu. Viatu vilifichwa mvunguni ili mama asipate kishawishi. Na katikati ya sebule kiliwekwa kiti kikubwa cha ngozi chenye kitufe pembeni: ukikibonyeza kinakunyanyua miguu, ukikibonyeza tena kinakulaza chali. Mwanawe alikileta kwa fahari, kama mtu anayeleta posa.

"Mama, hiki ni cha kwako," alisema. "Umetembea ya kutosha. Sasa pumzika."

"Kina magurudumu?"

"Hakina, mama."

"Basi kimekosa kidogo tu kuwa jeneza."

Alikaa na plasta wiki sita kwa sababu mfupa ni mfupa, na yeye hakuwa mjinga. Plasta ilipoondolewa alikuja daktari wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye mkoba mgongoni, asiyependa maneno, aliyekuwa akija kila Jumanne. Alimminya mguu, akautazama ulivyokonda, akakitazama na kiti.

"Mfupa umeunga," alisema. "Mguu hauna kosa. Kosa ni kiti."

Bi Mizani alimpenda papo hapo. Walipewa gongo moja, yeye na mguu wake, na sheria moja ya ngazi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mgonjwa hutangulia. Aliikariri kama sala. Kila mkazamwana alipokwenda sokoni, alijinyanyua, akapima korido kutoka ukuta hadi ukuta, mara kumi, mara ishirini, jasho likimtoka. Na kila alipofumwa ilikuwa kelele ileile, "Jamani mama! Hebu pumzika!"

Neno hilo alilichukia. Katika lugha yetu hii, aliyepumzika dakika kumi na aliyepumzika mpaka siku ya kiyama wanagawana neno lilelile, na Bi Mizani alikuwa ameona wengi wakianza na la kwanza wakateleza polepole hadi la pili, wamefunikwa shuka magotini, wamezungukwa na watoto wenye huruma. Alikuwa na mpango mmoja tu: mguu ukikubali, arudi kwake, afungue mlango kwa ufunguo wake, achemshe chai yake anayoitaka saa anayoitaka. Hakuwaambia. Wangeficha na gongo.

Jumamosi moja aliamka mapema akatembea korido asubuhi nzima mbele yao, bila kujificha. Mkazamwana alimfuata nyuma mikono mbele kama anayefukuza kuku. Walibishana, wakanyamaza, wakabishana tena. Kufikia saa sita mguu ulikuwa umechoka kwa haki, si kwa uvivu, akakubali kukaa, na usingizi ukampitia. Mkazamwana akashusha pumzi. Akachukua simu, akaandika kwenye kundi la ukoo, ambako ndugu walikuwa wakiulizia hali ya mgonjwa: "Wapendwa, baada ya kuhangaika tangu asubuhi, hatimaye mama yetu amepumzika. Tumshukuru Mungu kwa yote."

Akaiweka simu kwenye chaji, akaenda kufua uani saa nzima, kisha akaingia kuoga.

Simu ililia mara thelathini na kitu bila kupokelewa. Watu wakaelewa. Nani hupokea simu saa kama ile?

Bi Mizani aliamshwa na kilio. Alifumbua macho akamwona mdogo wake amesimama kwenye mlango wa sebule, kanga kichwani, mikono juu, mdomo wazi, sauti imekatikia njiani. Nyuma yake uani watu walikuwa wanashusha viti vya plastiki kutoka kwenye pikapu.

"Dada!" mdogo mtu alisema. "Kumbe upo?"

"Nipo. Wewe ulikuja kurithi nini?"

Purukushani iliyofuata haielezeki yote. Mkazamwana alitoka bafuni na povu shingoni, akasomewa ujumbe wake kwa sauti, akakaa sakafuni. Mwanawe, aliyekuwa chumbani amelala, alitoka macho mekundu akaanza kupewa pole na watu ambao hawajaambiwa kuwa mama yu hai. Mwenyekiti wa ukoo, binamu mnene aliyeitwa hivyo kwa sababu alisimamia vikao vyote, na cheo kilimfaa maana kiti hakikuwahi kumkosa, alikuwa ameshachagua mahali penye kivuli na kuuliza ratiba. Na Bi Mizani, kusema kweli, alistarehe kidogo. Si kila mtu hupata kusikia anavyosifiwa. Ila alisikia kila mmoja akisema "alikuwa akitembea sana, marehemu," na hata walipomwona anapumua hawakubadilisha wakati wa kitenzi.

Aliyeharibu starehe alikuwa Fundi Saa. Huyu alikuwa na kibanda chake chini ya jengo alilopanga Bi Mizani, akitengeneza saa ambazo siku hizi hakuna anayezivaa, na alikuwa amefunga kazi ili aje kuzika jirani. Alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Nashukuru Mungu," alisema. "Maana mimi nilishaamini. Tangu juzi mwenye nyumba aliposema chumba chako kinarudishwa mwisho wa mwezi, nikajua hali ni mbaya."

"Kinarudishwa na nani?"

Fundi Saa alitazama huku na huku, akaona amekanyaga pabaya. "Si mwanao? Alimpigia simu wiki iliyopita."

Bi Mizani alimgeuzia mwanawe shingo polepole.

"Ni kweli?"

"Mama," mwanawe alisema, "zile ngazi ni sitini na sita. Tulitaka tukuambie kwa utaratibu."

"Utaratibu gani? Ungeniambia nikishaoza?"

"Ukianguka kule, nani atajua? Nani atakuokota? Mimi nitalalaje?"

"Kulala ndiyo hofu yako? Usiwe na hofu, mwanangu, hujawahi kushindwa kulala."

Watu walicheka, na ndugu huwa hawana adabu penye msiba uliokufa. Mwanawe uso ulimbadilika. Alikuwa mkuu wa kitengo, hakuzoea kuchekwa akiwa amesimama kwenye vigae vyake mwenyewe.

"Haya," alisema. "Panda ngazi zile mwenyewe, bila kushikwa na mtu, mpaka mlangoni kwako. Ukifika, nampigia mwenye nyumba mbele ya hawa wote. Usipofika, unabaki hapa, na mazungumzo haya hayarudiwi."

"Leo."

"Mama, leo kuna watu—"

"Watu walikuja kunisindikiza," alisema Bi Mizani, akatafuta gongo lake. "Basi wanisindikize."

Kutoka pale hadi jengo lake ni kilomita moja na robo, kwa barabara tambarare. Alikataa gari. Alitangulia yeye, gongo, mguu, gongo, mguu, na nyuma yake ukoo mzima umevaa nguo za msiba. Lilikuwa ni kundi la aibu. Kabla ya kona ya kwanza shemeji mmoja alikumbuka kwamba ana goti. Penye duka la vifaa vya ujenzi wawili waliomba maji. Mwenyekiti alisimamisha pikipiki, akaahidi kutangulia "kuandaa mazingira". Mjukuu alikuwa amevua viatu na kwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, kama aliyefunguliwa kamba, na mama yake akimpigia kelele avae.

"Nani kafariki?" aliuliza muuza vocha kando ya njia.

"Huyo aliye mbele," alijibu mdogo wake Bi Mizani, naye sasa alikuwa anacheka machozi yaleyale aliyokuja nayo.

Mwanamke mmoja alitoka saluni na kitana mkononi, mtoto kiunoni. "Bi Mizani! Wewe ndiye uliyenipima mimi, mama alinionyesha kadi!"

"Na huyo mweke chini," alisema Bi Mizani bila kusimama.

Mtoto akawekwa chini.

Mwanawe alikuwa nyuma yake hatua tatu. Bi Mizani alivisikia viatu vyake vya ofisini vikiburutwa. Alikuwa amemtungia sentensi, aliipika njia nzima, ya kumwambia akiwa amesimama mlangoni na ufunguo umo kwenye kitasa: *Kiti chako mpelekee mwenye shida nacho.* Aliionja mdomoni. Ilikuwa tamu.

Walipofika, watu walibaki chini kwa Fundi Saa, maana ngazi zilikuwa nyembamba na hakuna aliyejitolea. Mwanawe alisema atapanda nyuma yake, asije akaanguka akalaumiwa. Mzima akatangulia. Gongo. Mgonjwa akafuata. Vipandio ishirini na viwili vya kwanza alivipanda kwa hasira tu. Vya pili aliviomba kimoja kimoja. Paja lilitetemeka, kiganja kilichubuka kwenye gongo, na mara moja alisimama akaegemeza paji la uso ukutani, akalisikia jengo lote likinuka vitunguu na sabuni, harufu ya nyumbani kwake, akaendelea. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Hamsini na nne. Zilibaki kumi na mbili, na mlango wake aliuona, na rangi yake ya kijani iliyobanduka.

Hapo ndipo aliposikia pumzi ambazo hazikuwa zake.

Aligeuka. Mwanawe alikuwa vipandio vitano chini, pale ngazi zinapokunja kona, ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Jasho lilikuwa limemtoka ghafla mpaka kola imelowa. Bi Mizani alikuwa ameona uso ule kwenye nyumba nyingi, siku moja kabla ya viti vya plastiki.

Alishuka. Mgonjwa, mzima. Mgonjwa, mzima. Alimshika kifundo cha mkono, akabonyeza kwa vidole viwili. Hakuhitaji saa. Mshipa ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena.

"Kaa," alimwambia. "Kaa chini hapo."

Mwanawe alikaa kwenye ngazi. Baada ya muda alicheka kidogo, bila pumzi.

"Hilo ndilo neno lako, mama. Unakumbuka?"

"Neno gani?"

"Kaa. Kila asubuhi. Ulichukua mizani, ukaniambia kaa hapo, usiguse mlango, usishuke ngazi mpaka nirudi. Halafu ukafunga kwa nje." Alipumua. "Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka saa nane. Miaka minne, mpaka nilipoanza shule. Nilikuwa nakaa vizuri. Ulikuwa unanisifia."

Hakuisema kwa kinyongo. Alisema kama mtu anayetaja mtaa aliowahi kuishi.

Bi Mizani alikuwa na majibu ya kila mtu mjini. Angeweza kusema kwamba mumewe alikwenda kutafuta kazi, akaipata, na njia ya kurudi hakuipata. Angeweza kusema ngazi hazikuwa na chuma siku zile, na kwamba jirani wa kumwachia mtoto hakuwepo, na mshahara ulikuwa wa kutembelea, si wa kumlipa yaya. Yote yalikuwa kweli. Lakini alichokiona ni yeye mwenyewe, kijana, mwepesi, kwenye mlango wa nyumba ya watu, akimgombeza mama wa watu: mweke chini, atambae, miguu ataijulia wapi? Na ufunguo wa chumba hiki mfukoni mwake. Aliona aibu, aibu nzito ya mwilini, mpaka akashika ukuta.

"Tushuke," alisema. "Zahanati iko ng'ambo ya barabara."

"Mama, zimebaki kumi na mbili. Maliza kwanza."

"Chumba hakina miguu, hakiendi popote. Pumua kwanza. Polepole. Haya, inuka."

Walishuka kwa muda mrefu. Alimwachia amshike mkono, ili wa chini wasijue nani amemshika nani. Walipotokea barazani ukoo wote uliinuka, isipokuwa Mwenyekiti, aliyekuwa ameshapata kigoda cha Fundi Saa.

"Tulisema mama hawezi," alisema mkazamwana, na kwa haki yake, alikuwa karibu kulia. "Si tulisema?"

"Mguu umegoma," alisema Bi Mizani kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Nimeshindwa. Tupisheni."

Fundi Saa aliinamisha macho. Mdogo wake Bi Mizani aliacha kucheka. Hakuna mtu pale aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye mdomo ule.

Mwanawe alisimama. Alitoa simu kwenye mfuko wa shati, akabonyeza namba, akaiweka sikioni huku mkono mwingine bado uko mkononi mwa mama yake.

"Hakushindwa," alisema. "Amefika mpaka mlangoni. Mimi ndiye niliyeshindwa." Kisha akaanza kuongea na mwenye nyumba, kwa vipande vipande, kwamba kile chumba cha mama kisirudishwe, hapana, asipewe mtu, mwenyewe anarudi.

Ulikuwa uongo wa vipandio kumi na viwili, na Bi Mizani hakuwahi kuacha uongo upite mbele yake bila kuupiga teke. Huu aliuacha. Alikuwa anahesabu pumzi za mwanawe, na barabara bado walikuwa hawajaivuka.